Ukumbusho wa Mtoto Aliyefariki



Tarehe 13 Machi, 1884, kijana wa Kimarekani aitwaye Leland Stanford alifariki mjini Florence, Italia, kwa homa ya matumbo. Umri wake ulikuwa miaka 15, naye alikuwa mtoto wa pekee. Baba yake, tajiri wa reli aliyepata kuwa Gavana wa California, na mama yake, Bibi Jane, hawakuridhika na kaburi zuri tu. Waliazimu kwamba mali ambayo mwana wao angeirithi iwasomeshe watoto wa watu wengine.

Hivyo mwaka 1885 walianzisha chuo kikuu kwa jina la mtoto huyo. Kilifunguliwa tarehe 1 Oktoba, 1891, kwa wavulana na wasichana pamoja, wala hawakutozwa ada ya masomo.

Lakini mwaka 1893 baba akafa. Mali ikazuiliwa kortini, na Serikali ya Marekani ikadai dola milioni 15. Bibi Jane alishauriwa akifunge chuo, akakataa. Alipunguza watumishi wake, na fedha alizoruhusiwa na korti kwa matumizi ya nyumba akawalipa walimu. Mwaka 1896 Serikali ilishindwa katika kesi hiyo. Masomo yaliendelea bila ada mpaka mwaka 1920.

Basi, atakaye kumkumbuka mtoto wake kwa elimu na ajue jambo hili: fedha huchangwa siku ya msiba, bali ukumbusho wataka mlezi miaka mingi baada ya matanga kuondolewa.