Ahadi Kati ya Matoleo: Mabadiliko ya Maktaba ya GTK na Hatima ya Istilahi za Kiswahili



Mada ya mhadhara huu huenda ikawashangaza baadhi yenu. Katika mihadhara ya taaluma za Kiswahili tumezoea kusikia habari za ushairi, fonolojia na historia ya usanifishaji. Leo ninaomba tukitazame chombo cha wahandisi wa kompyuta, yaani maktaba ya zana za kujengea violesura vya picha inayoitwa GTK, na hasa yale yanayotokea toleo moja linapoliachia nafasi toleo jingine. Sababu ya kulileta jambo hili mbele ya wanalugha ni moja. Maneno mengi ya Kiswahili yanayoweza kuonekana katika kioo cha kompyuta yameshikiliwa na zana za namna hii, na zana zikibadilika, maneno nayo huyumba. Hoja yangu ni kwamba wahandisi wamejiwekea utaratibu mzuri wa kupeana taarifa kabla ya kuacha jambo la zamani, lakini taarifa hiyo humfikia mwandishi wa programu tu, haimfikii mwandishi wa maneno. Pengo hilo ni letu kuliziba.

1. Maktaba ya kiolesura ni nini?

Mwandishi wa programu hachongi kila kitufe, kila menyu na kila dirisha kwa mkono wake. Huvichukua vikiwa tayari kutoka katika maktaba, kama fundi seremala anayenunua bawaba na komeo dukani badala ya kuzifua mwenyewe. GTK ni mojawapo ya maktaba hizo. Ilianzishwa katika miaka ya 1990 na Spencer Kimball na Peter Mattis, waliokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, walipokuwa wakitengeneza programu ya kuhariri picha iitwayo GIMP. Baadaye maktaba ilimpita mzazi wake kwa umaarufu, ikawa msingi wa mazingira ya GNOME na wa programu nyingi zinazotumika katika mfumo wa Linux.

Toleo la 2.0 lilitoka Machi 2002, la 3.0 likatoka Februari 2011, na la 4.0 likatoka Desemba 2020. Tarakimu ya kwanza ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Ni ahadi. Maadamu tarakimu hiyo haijabadilika, programu iliyoandikwa jana itaendelea kufanya kazi kesho. Ikibadilika, ahadi imekwisha, na mwandishi hana budi kuirekebisha kazi yake. Sifa hii ya toleo jipya kuipokea kazi iliyotegemea toleo la zamani ndiyo ninayoiita upatanifu. Nyinyi wanasarufi mtalikumbuka hapa neno upatanisho, yaani namna kitenzi na kivumishi vinavyokubaliana na nomino yake, na tutaona punde kwamba mambo haya mawili yanakutana.

2. Mkatiko ulioleta neema

Nisieleweke kwamba kila mkatiko ni hasara. Mabadiliko ya mwaka 2002 yaliwalazimu waandishi wengi kuandika upya sehemu za programu zao. Lakini katika mabadiliko hayo GTK iliamua kwamba matini yote yatahifadhiwa kwa usimbaji mmoja wa Unikodi, na kazi ya kupanga herufi ikakabidhiwa kwa maktaba nyingine iitwayo Pango, yenye uwezo wa kuunganisha herufi za Kiarabu na kuzielekeza kutoka kulia kwenda kushoto.

Kwa msomi wa Kiswahili hili si jambo dogo. Tendi kongwe za pwani yetu zimehifadhiwa kwa hati za Kiarabu, pamoja na herufi zilizoongezwa ili kuwakilisha sauti kama vile /p/, /ch/ na /v/ ambazo alfabeti ya Kiarabu haina. Maktaba yenye uwezo huo humwezesha mhariri kuuweka ubeti wa hati hizo na ubeti wa hati za Kilatini katika dirisha moja. Hapa basi kuvunjwa kwa upatanifu kulifungua mlango.

Tunapaswa kukumbuka pia kwamba lugha yetu yenyewe iliwahi kupitia mkatiko wa aina hii. Hati za Kilatini zilipochukua nafasi ya hati za Kiarabu shuleni na maofisini, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930 kwa kusanifisha tahajia na msamiati wa maandishi hayo, Kiswahili kilipata umoja wa maandishi uliokiwezesha kuvuka mipaka ya nchi. Lakini vizazi vilivyofundishwa kusoma kwa hati mpya pekee vilitengwa na maandishi ya mababu, kama programu mpya isiyoweza kufungua majalada ya zamani. Faida ilikuwa kubwa, na gharama yake bado tunailipa katika hifadhi za miswada.

3. Mkatiko wa kimyakimya

Sasa nije kwenye badiliko ambalo wanalugha wachache wamelijua, ingawa linatuhusu zaidi.

Katika GTK 2 kulikuwa na akiba ya vitufe vya kawaida, kama vile cha kufungua, kuhifadhi, kufunga, kunakili na kughairi. Mwandishi wa programu alitaja jina la kitufe tu, na maktaba ikampa vyote viwili, maneno na picha yake ndogo. Tafsiri ya maneno hayo ilikaa ndani ya maktaba. Maana yake ni kwamba mfasiri wa lugha yoyote akishatafsiri akiba ile mara moja, kila programu iliyoitumia ilipata neno lilelile. Kwa lugha yenye wafasiri wachache, huu ulikuwa mtaji mkubwa.

Katika toleo la 3.10, mwaka 2013, akiba hiyo ilipewa ilani ya kustaafishwa. Iliendelea kufanya kazi katika mfululizo wote wa GTK 3, kisha ikaondolewa kabisa katika GTK 4. Tangu hapo kila programu hubeba maneno yake yenyewe na kutafuta tafsiri zake yenyewe.

Wahandisi walikuwa na sababu zao, na moja inayofanana nazo ingeweza kutolewa na mwanasarufi wa Kiswahili. Chukueni neno la Kiingereza «New». Katika akiba ya pamoja lilikuwa neno moja kwa programu zote. Lakini Kiswahili hakina kivumishi hicho kikiwa peke yake, kina mzizi -pya unaosubiri ngeli. Katika programu ya hesabu tutasema jedwali jipya, katika programu ya barua tutasema ujumbe mpya, na katika programu ya kutunza orodha ya vitabu tutasema kitabu kipya. Mfasiri wa akiba ya pamoja hakuijua nomino, hivyo aliweza tu kubahatisha au kukikwepa kivumishi kwa kutumia kitenzi kama «Unda». Kila programu ikiwa na neno lake, upatanisho wa kisarufi unawezekana. Kwa maneno mengine, kuvunjika kwa upatanifu wa matoleo kulitoa nafasi kwa upatanisho wa ngeli.

Lakini nafasi hiyo inahitaji mtu wa kuijaza. Kazi iliyofanywa mara moja sasa inafanywa mara mia, na wafasiri mia wasiofahamiana huchagua maneno mia. Fikirini kitufe cha kusitisha jambo lililoanzishwa. Mfasiri mmoja ataandika «Ghairi», wa pili «Katisha», na wa tatu, akikumbuka kwamba tunasema mkutano umefutwa, ataandika «Futa». Katika programu ya jirani «Futa» ni amri ya kuliondoa jalada. Mwanafunzi aliyezoea programu ya kwanza, akiwa na tasnifu yake mbele yake katika programu ya pili, atabonyeza kwa nia ya kurudi nyuma, na kazi ya miezi itakwenda. Hapo tofauti ya istilahi imeacha kuwa suala la ladha.

Tena picha ndogo zilizokaa kando ya maneno katika menyu zilipewa ilani ya kustaafishwa katika toleo lilelile la 3.10. Neno likabaki peke yake. Katika Kiingereza jozi ya kufungua na kufunga ni maneno mawili yasiyofanana. Katika Kiswahili ni mzizi mmoja: funga, na kauli yake ya kutendua, fungua. Zinatofautiana kwa irabu moja tu. Yaani ile picha ya kabrasha lililo wazi ilikuwa ikimsaidia msomaji wa Kiswahili kuliko ilivyomsaidia msomaji wa Kiingereza, nasi hatukuwapo kusema hivyo ilipoondolewa.

4. Nani hupewa taarifa?

Katika kustaafisha chombo, wahandisi wa GTK hufuata hatua tatu. Kwanza hutangaza, na mwandishi anayekitumia huonywa kila anapoijenga programu yake. Pili, huacha cha zamani na kipya viishi pamoja. Kati ya mwaka 2013 na mwaka 2020 ilipita miaka 7. Tatu, huondoa, na hilo hufanyika tu tarakimu ya kwanza inapobadilika. Hata baada ya hapo, matoleo makuu mawili yanaweza kukaa katika kompyuta moja bila kugombana, ilmuradi yasitumiwe ndani ya programu moja kwa wakati mmoja. Subira hiyo ina maana. GIMP yenyewe, iliyoizaa GTK, ilihamia GTK 3 katika toleo lake la 3.0 lililotoka Machi 2025, miaka 14 baada ya GTK 3 kutoka, wakati ambapo GTK 4 ilikwisha kuwapo.

Mfasiri hana hatua hizo. Tafsiri za programu nyingi za namna hii hutunzwa kwa utaratibu uitwao gettext, ambamo sentensi ya Kiingereza ndiyo ufunguo, na sentensi ya Kiswahili imeandikwa chini yake. Mwandishi akibadili neno moja la Kiingereza, ufunguo umebadilika. Zana ya kuoanisha hutafuta tafsiri inayokaribiana na kuitia alama ya shaka, na kwa kawaida tafsiri yenye alama hiyo haionyeshwi kwa mtumiaji mpaka mtu aipitie. Mtumiaji huona Kiingereza. Ufunguo ukiondolewa kabisa, tafsiri yake husukumwa mwishoni mwa jalada na kugeuzwa maelezo yasiyosomwa na kompyuta. Maneno hayajafutwa, lakini hakuna anayeyaona. Ninayaita makaburi ya istilahi.

Kumbukeni mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioitoa OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Programu hiyo haikujengwa kwa GTK, lakini somo lake ni lilelile. Kila tafsiri hufungwa kwenye toleo fulani, na toleo huzeeka. Kilichokuwa na thamani ya kudumu katika kazi ile ni maamuzi ya wanaistilahi kuhusu neno lipi libebe dhana ipi. Maamuzi hayo yakikaa ndani ya programu pekee, yatazeeka nayo.

5. Mapendekezo

Kwanza, istilahi za kiolesura ziwe na hazina yake nje ya programu yoyote, ambamo kila dhana ina fasili, ngeli, mfano wa matumizi na onyo la neno linalogongana nalo. Hazina hiyo ifunguliwe kwa dhana, isifunguliwe kwa sentensi ya Kiingereza, kwa kuwa sentensi hiyo si mali yetu na hubadilishwa bila sisi kuulizwa.

Pili, idara zetu za Kiswahili ziwape baadhi ya wanafunzi wa uzamili kazi ya kusoma matangazo ya matoleo mapya na kueleza athari zake kwa lugha. Ilani ya mwaka 2013 ilikuwa wazi kwa yeyote. Miaka 7 ilitosha kwa tasnifu kadhaa.

Tatu, sisi wenyewe tujifunze kustaafisha maneno kwa adabu. Dhana ya kompyuta imewahi kuitwa ngamizi, tarakilishi na kompyuta, na kamusi nyingine humwacha msomaji bila kumwambia lipi linatumika wapi na lipi limepungua nguvu. Kamusi ikiliacha neno kimya, vitabu vilivyolitumia vinageuka mafumbo kwa msomaji wa kesho. Neno linalopisha jipya na libaki kamusini likiwa na alama yake na mwaka wake. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Hawakutukataza kununua msala.

6. Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, kila chombo kinachotumika hubadilika, na lugha ni chombo kinachotumika kuliko vyote. Tunachoweza kudai kwa mabadiliko ni kwamba yatangazwe mapema, yaache muda wa kuishi pamoja, na yamfikie kila anayeathirika. Wahandisi wamelitimiza hilo kwa wenzao. Anayeandika neno «Hifadhi» juu ya kitufe naye ni mjenzi wa programu hiyo, na anastahili kuhesabiwa miongoni mwa wanaopewa taarifa. Nasi tuwe na mahali pa kulihifadhi neno lake, ili toleo linapozikwa, neno lisizikwe nalo.