Gesi za Ziwa Kivu na umbo la molekuli

Msikilizaji wa Luofu, mimina mafuta ya mawese kwenye sufuria ya maji, utayaona yanaelea juu. Mwanafunzi wa kemia akiulizwa kwa nini hayachanganyiki, mara nyingi hukariri tu. Afadhali angechora umbo la molekuli.

Katika molekuli ya maji, oksijeni ina jozi mbili za elektroni ambazo hazikushika atomi yoyote. Jozi hizo husukuma vifungo vya oksijeni na hidrojeni, na molekuli inapinda hadi nyuzi 104.5. Ndiyo maana upande mmoja una chaji hasi kidogo, na mwingine chanya. Mafuta hayana ncha za namna hiyo, basi maji hayayataki.

Sasa tushuke Ziwa Kivu, kusini kwetu. Kilindini mmeyeyuka gesi mbili: kaboni dioksidi, iliyonyooka nyuzi 180, na methani, yenye pembe za nyuzi 109.5. Umbo lao linasawazisha chaji, kwa hiyo zote hazina ncha. Mwalimu akiishia hapo, amefupisha mno. Kaboni dioksidi huyeyuka majini kwa wingi zaidi sana kuliko methani, maana kila kifungo chake, peke yake, kina chaji ambazo maji huzishika.

Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt huko Karongi, wa megawati 26, unategemea tofauti hiyo. Gesi inaoshwa kwa maji, kaboni dioksidi inabaki humo, methani inakwenda kuzalisha umeme.

Mnaojiandaa kwa exetat, mtihani wa serikali, choreni umbo kwanza, kisha mkague kila kifungo.