Damu Imepungua: Ukubwa wa Chembe Unatuambia Nini?

Leo tunazungumza na akina mama na walezi wa watoto hapa Kitui na Makueni, kuanzia Mwingi hadi Kibwezi.

Mama akiambiwa kwamba mtoto wake ana upungufu wa damu, huuliza mara moja: nimpe nini cha kuongeza damu? Hilo ni swali zuri. Lakini kuna jingine linalofaa kutangulia: je, damu imepungua kwa sababu gani? Upungufu wa damu ni dalili, kama vile homa ilivyo dalili. Sababu zake ni nyingi, na kila moja ina matibabu yake.

Katika zahanati, mhudumu huchoma kidole na kupima tone la damu. Namba inayopatikana huitwa Hb. Inatuonyesha kama damu ni ya kutosha, lakini haisemi kwa nini imepungua. Katika hospitali kubwa, kama zile za rufaa zilizoko mjini Kitui na Wote, damu hutolewa kwenye mshipa na kutiwa katika mashine. Mashine hiyo huhesabu chembe nyekundu na kupima ukubwa wake. Kwenye karatasi ya majibu utaona herufi tatu: MCV. Huo ndio ukubwa wa wastani wa chembe moja. Kwa mtu mzima, kawaida ni 80 hadi 100. Watoto wadogo huwa na namba ya chini zaidi. Mtoto wa mwaka mmoja akiwa na 75, usishtuke, kwa maana huenda yuko sawa.

Je, chembe zikiwa ndogo? Mara nyingi mwili umekosa madini ya chuma. Fikiria mama anayepika chapati: unga ukipungua, chapati huwa ndogo. Chuma hupungua kwa sababu ya chakula duni, minyoo ya safura, hedhi nzito au mimba zinazofuatana upesi. Mtoto aliyepita miezi 6 na bado anapewa uji mtupu yuko hatarini. Wapo pia watu waliozaliwa na chembe ndogo, na hao vidonge vya chuma haviwafai.

Zikiwa kubwa kupita kiasi, huenda vitamini iitwayo foliki imekosekana, au ile ya B12. Pombe na baadhi ya dawa, kama zidovudini ya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, huweza pia kukuza chembe. Usiache dawa yoyote kwa sababu ya namba hiyo. Muulize daktari.

Na zikiwa za kawaida huku damu ni kidogo? Basi huenda ni malaria, kupoteza damu kwa ghafla, selimundu, au ugonjwa uliokaa mwilini muda mrefu. Hapa Kitui tusisahau kalazaa, ambao ulileta mlipuko mkubwa miaka ya 1950. Huenezwa na mdudu mdogo kuliko mbu, anayependa kujificha katika vichuguu vya mchwa. Mtoto mwenye homa ya wiki nyingi, anayekonda, na tumbo limevimba upande wa kushoto, apelekwe hospitali. Dawa ya kuongeza damu peke yake haitamponya.

Kumbuka kwamba MCV ni wastani. Mtu aliyekosa chuma na foliki pamoja anaweza kuonekana sawa. Ndiyo maana daktari husoma namba nyingine pia, na kumtazama mgonjwa mwenyewe.

Ukipewa dawa ya chuma, usiiache mtoto anapochangamka. Chembe nyekundu huishi siku kama 120, kwa hivyo mwili huhitaji muda kutengeneza mpya na kujaza akiba. Mara nyingi dawa huendelea miezi kadhaa. Choo kuwa cheusi si jambo la kuogopa. Lakini weka vidonge mbali na watoto, kwa sababu mtoto akivimeza vingi vinaweza kumuua. Mama mjamzito, meza vidonge vya chuma na foliki unavyopewa kliniki kila siku.

Na chakula? Tunavyo vingi: ndengu, kunde, mbaazi, mboga za majani, na nyama au maini inapowezekana. Ukila muthokoi wenye kunde, usishushie na chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. Kunywa chai baadaye, na badala yake kula chungwa au embe la Makueni, ambalo husaidia chuma kuingia.

Ukiona viganja vya mtoto vimekuwa vyeupe, anapumua kwa haraka, hawezi kunyonya au amelegea, usingoje vipimo wala siku ya kliniki. Mkimbize hospitali.

Basi mama, siku utakapopewa karatasi ya maabara, usiikunje na kuiweka mfukoni. Muulize daktari au muuguzi: Hb ya mtoto wangu ni ngapi? MCV ni ngapi kwa umri wake? Na sababu ni nini? Itunze pamoja na kijitabu cha kliniki, ili kipimo kijacho kilinganishwe nacho.