Bima kwa Wote, na Huko Kuchagua



Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita bungeni Novemba 2023. Kwenye kampeni za 2025 tukaahidiwa kwamba utekelezaji utaanza ndani ya siku 100 za kwanza za muhula mpya. Jambo jema. Ila kila bima inaponadiwa, tunaambiwa pia kwamba mwananchi atachagua. Hapo ndipo nina mashaka.

Uchaguzi tumeshaonjeshwa. Mwaka 2019 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulileta vifurushi vya Najali, Wekeza na Timiza, bei ikianzia shilingi 192,000 kwa mwaka. Chagua kulingana na mfuko wako, tukaambiwa. Sasa nenda mwaloni Kibirizi, huku Kigoma, ukamuulize mvuvi wa dagaa mfuko wake ukoje. Pesa yake inafuata giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inavutwa mchangani, taa zinazimwa, mama mwanika dagaa anakaa na chanja tupu, na dukani watu wanakula kwa daftari. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Miezi mitatu! Halafu mtu huyo unamdai mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, na unasema amepewa uhuru.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa (CHF), kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, ulijaribu kumfikia mtu wa kipato hiki. Lakini mwisho wake ulikuwa hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Maweni. Ulipopewa rufaa ya Bugando, Mwanza, kadi ilibaki Kigoma, wewe ukapanda basi na pesa yako. Na mgonjwa wa Kalya, mwambao wa kusini wa ziwa, hata hiyo Maweni haifikii bila safari ndefu. Achague nini, wakati jirani yake kuna zahanati, na ndani yake dirisha la dawa linalomwambia akanunue nje?

Serikali ina hoja moja nzito, na siibishii. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya Mfuko wa Taifa kwa shilingi 50,400 kwa mtoto, ilisitishwa Machi 2023 kwa maelezo kwamba wengi walioandikishwa walikuwa watoto ambao tayari wanaumwa. Ilirejea baadaye, lakini somo lilibaki: mfuko wa wagonjwa watupu haudumu, lazima na wazima wachangie. Ndiyo maana sheria inasema kujiunga ni lazima. Muswada wa kwanza ulitaka hata leseni ya udereva ifungamanishwe na bima, watu wakapiga kelele.

Basi tuambiwe hivyo hivyo, kwamba ni lazima, tuchangiane. Tutaelewa, huku harusi na misiba yetu inakwenda kwa michango. Kinachokera ni kupambiwa lazima kwa maneno ya hiari. Na kadi peke yake si uhakika wa tiba: hata wenye kadi za gharama mjini walilionja hilo Machi 2024, hospitali kadhaa kubwa za binafsi zilipogoma kuwapokea wanachama wa Mfuko wa Taifa kwa sababu ya mvutano wa bei. Kadi mkononi, mlango umefungwa.

Sheria imetaja fedha za kuwalipia wasio na uwezo, zikiwemo kodi za soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Soda tunakunywa na mikeka tunabeti, kwa hiyo tumeshaanza kuchangia. Waheshimiwa wabunge wa Kigoma, tunaomba majibu ya mambo matatu: nani ataandikwa hana uwezo katika kijiji cha wavuvi, je, mchango utalipwa kidogo kidogo msimu wa dagaa, na nani atamrudishia pesa mwanachama aliyekosa dawa dirishani. Mkija mwaloni kuandikisha watu, njooni na majibu hayo yakiwa yameandikwa kwenye karatasi.