Mfadhili Anapouza Nyumba Uingereza: Kinachofika Parokiani ni Kiasi Gani?

(Hotuba iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Kamati zetu hupokea ahadi kama hii: "Nikiuza nyumba yangu ya Uingereza, fedha yote ni ya zahanati." Kamati hufurahi, hupiga hesabu, hata huanza kuchimba msingi. Kisha fedha inayofika ni pungufu, na waumini huanza kuulizana nani kala. Huenda hakuna aliyekula. Ni kodi.

Kodi hizo ni mbili. Ya kwanza ni ushuru wa stempu, nao hulipwa na mnunuzi. Uingereza iliuanzisha mwaka 1694 kugharimia vita dhidi ya Ufaransa. Scotland ina kodi yake tangu 2015 na Wales tangu 2018. Ninayoeleza hapa ni ya England na Ireland ya Kaskazini. Tangu Aprili 2025, pauni 125,000 za kwanza za bei ya nyumba ya kuishi hazitozwi kitu. Kiasi kinachozidi hapo hadi 250,000 hutozwa asilimia 2, na kinachofuata hadi 925,000 asilimia 5. Hivyo nyumba ya pauni 250,000 hutozwa pauni 2,500.

Lakini mnunuzi mwenye nyumba nyingine, ikiwa hanunui hii badala ya makazi yake ya awali, huongezewa asilimia 5 ya bei yote. Jumla huwa pauni 15,000. Nanyi ndugu zetu wa Uingereza mkumbuke: nyumba hiyo nyingine huhesabiwa hata ikiwa Moshi au Dar es Salaam, mradi thamani yake inafika pauni 40,000.

Kodi ya pili ni ya faida ya mtaji, nayo hulipwa na muuzaji. Nyumba aliyoishi mwenyewe muda wote kwa kawaida husamehewa. Ile aliyoipangisha haisamehewi. Tuseme mfadhili aliinunua kwa pauni 150,000 na sasa anaiuza kwa 250,000. Faida ni 100,000. Tukiacha gharama nyingine, anaondoa pauni 3,000 zisizotozwa kodi kwa mwaka. Ikiwa kipato chake ni kikubwa, zilizobaki 97,000 hutozwa asilimia 24, yaani pauni 23,280. Anatakiwa kutoa taarifa na kulipa ndani ya siku 60.

Je, kuna njia halali ya kuokoa fedha hiyo? Ipo. Badala ya kuuza kisha kutoa fedha, mfadhili anaweza kutoa nyumba yenyewe kwa shirika la hisani la Uingereza, kabla hajafunga mkataba na mnunuzi. Hapo hadaiwi kodi ya faida, na thamani ya nyumba anaweza kuipunguza katika kipato chake kinachotozwa kodi. Shirika nalo likiiuza na kutumia fedha kwa kazi za hisani, halitozwi kodi hiyo. Lakini parokia ya hapa nyumbani si shirika la hisani la Uingereza. Zawadi ya namna hii sharti ipitie kwa shirika la huko.

Hivyo basi, naziomba kamati zifanye mambo matatu. Kwanza, mfadhili akitoa ahadi, mwulizeni mapema kama nyumba aliishi mwenyewe au aliipangisha. Pili, mshaurini amwone wakili au mtaalamu wa kodi kabla hajasaini chochote. Tatu, msiagize saruji kwa ahadi. Subirini fedha iingie benki, kisha waumini wasomewe hesabu yote, na kodi ikiwemo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hata imani ya waumini kwa kamati hupotea hivyo hivyo.