Tuyafundishe Masikio Kabla ya Siku ya Mtihani

Yafuatayo ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mjini Mtwara mbele ya vijana wanaojiandaa kwa mitihani ya Kiingereza, wengine kwa ajili ya masomo ya nje na wengine kwa ajili ya kazi za melini.



Nimeombwa nizungumzie maandalizi ya sehemu ya kusikiliza katika mtihani wa Kiingereza. Sidhani kama nimechaguliwa kwa kuwa ni bingwa wa lugha hiyo. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu baadhi yenu mnajua kwamba sehemu hiyo iliwahi kuniangusha, na aliyetumbukia shimoni ndiye awezaye kuonyesha shimo lilipo.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nina shahada mkononi, nikiomba nafasi ya masomo ya juu Uingereza. Ada ya mtihani ilitoka katika mauzo ya korosho za mama yangu. Katika kusoma nilipata alama 7.5 kati ya 9. Katika kusikiliza nilipata 5.5, na chuo kilitaka isipungue 6 katika kila sehemu. Nafasi ikapotea. Nilirudi nyumbani nikiwa na swali moja: inawezekanaje mtu asome kitabu cha Kiingereza chenye kurasa mia tano na kukielewa, kisha ashindwe kufuata mazungumzo ya mteja anayepanga nyumba?

Jibu nililipata baadaye, nalo ndilo msingi wa maneno yangu ya leo. Macho yangu yalikuwa yamekwenda shule. Masikio yangu hayakwenda.

Ndugu zangu, tusidhani jambo hili ni la mtu mmoja mmoja. Mtoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha huingia sekondari na kukuta masomo karibu yote kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike hadi sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima hali wakaona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuweza kuyafuata masomo yao kwa Kiingereza. Mwalimu akiliona hilo darasani hufanya nini? Huandika ubaoni. Mwanafunzi hunakili. Mtihani wa Kidato cha Nne nao kwa miaka mingi umekuwa wa karatasi na kalamu. Kisichotahiniwa hakifundishwi, na kisichofundishwa hakijulikani. Ndiyo maana kijana wetu hukutana na sauti ya Kiingereza kwa dhati siku ile ile anayotakiwa kuilipia.

Sasa tuutazame mtihani wenyewe. Nitachukua mfano wa IELTS, ambao wengi wenu mnauandalia. Sehemu ya kusikiliza ina maswali 40 katika mafungu manne, na huchukua kama dakika 30. Fungu la kwanza ni mazungumzo ya watu wawili juu ya mambo ya kila siku. La pili ni mtu mmoja anayeeleza jambo la jamii, kama mpango wa ziara. La tatu ni mazungumzo ya watu kadhaa juu ya masomo. La nne ni mhadhara. Kila sauti husikika mara moja tu. Anayefanya kwa karatasi hupewa dakika 10 za kuhamishia majibu. Anayefanya kwa kompyuta hupewa dakika 2 za kukagua. Tahajia ikikosewa, jibu limekosewa. Kwa makadirio yanayotolewa na waandaaji, majibu 23 sahihi hukufikisha kwenye alama 6, na majibu 30 kwenye alama 7. Maana yake ni kwamba kati ya anayekwenda na anayebaki pana majibu machache tu.

Majibu hayo machache hupotelea wapi? Baada ya kuanguka nilikaa chini nikayachunguza makosa yangu katika mazoezi, nikagundua kwamba mengi yanatoka katika lugha yetu wenyewe. Kiswahili hakina kosa. Lakini sikio lililolelewa na Kiswahili lina mazoea yake.

Kwanza ni irabu. Sisi tunazo tano. Kiingereza, kwa lafudhi ya kusini mwa Uingereza, huhesabiwa kuwa na sauti za irabu kama ishirini. Kwa hiyo meli na kondoo, «ship» na «sheep», katika sikio letu huwa kitu kimoja.

Pili ni majina ya herufi. Katika fungu la kwanza mara nyingi mtu hutaja jina lake herufi moja moja. Mwingereza anapoitaja herufi E, sisi husikia I yetu. Anapoitaja I, sisi husikia «ai». Anapoitaja A, sisi husikia «ei». Mkono uliozoezwa tangu darasa la kwanza huandika kabla akili haijaamua. Mimi niliwahi kutajiwa jina la Reed, kwa R, E mbili na D, nikaandika Riid. Nilisikia vizuri kabisa, nikaandika vibaya kabisa.

Tatu ni saa. Sisi huhesabu saa tangu jua kuchomoza. Wao huhesabu tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Akisema «half past seven», akili ya Mswahili hukimbilia saa moja na nusu, na kalamu ikachelewa ikitafsiri. Wakati inatafsiri, swali linalofuata limekwisha kupita.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, ni mahali pa kusikiliza katika neno. Kiswahili huweka habari muhimu kichwani mwa neno. Kitabu, vitabu: wingi umekaa mbele. Tunaweza, hatuwezi: ukanushi umekaa mbele. Mzungumzaji hajamaliza neno, nasi tumekwisha jua. Kiingereza huificha habari hiyo mkiani. Wingi ni mnong'ono wa S mwishoni. Wakati uliopita ni mguso wa D au T mwishoni. Tofauti ya kuweza na kutoweza, «can» na «can't», mara nyingi ni T isiyotamkwa sawasawa. Sikio letu humngoja mgeni mlango wa mbele, naye ameingia kwa mlango wa uani. Hata tarakimu ni hivyo: kumi na tano yao na hamsini yao, «fifteen» na «fifty», hutofautiana mwishoni na katika mkazo. Katika kumi na tano mkia huvutwa. Katika hamsini mkazo hukaa mwanzoni na mkia hukatika.

Ndugu zangu wa upande wa melini watasema mambo haya ni ya wanaokwenda chuo. Sivyo. Usiku wa tarehe 7 Aprili 1990 meli ya abiria iitwayo Scandinavian Star iliungua katika bahari kati ya Norway na Denmark, na watu 159 wakapoteza maisha. Miongoni mwa mambo yaliyoonekana ni kwamba mabaharia na abiria hawakuwa na lugha moja ya kuelekezana katika moshi. Kutokana na maafa ya aina hiyo dunia ya bahari ilikaza masharti ya lugha. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia wa mwaka 1978, uliofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995, unamtaka ofisa wa zamu aweze kutumia Kiingereza. Mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari likapitisha misemo sanifu ya mawasiliano ya baharini.

Someni misemo hiyo, hata ninyi msiokwenda baharini, kwa kuwa ina hekima. Inakubali kwamba sikio la binadamu hukosea. Kwa hiyo mwelekeo wa nyuzi 150 hautajwi kama mia na hamsini. Hutajwa moja, tano, sifuri. Kabla ya ujumbe, msemaji anaweza kutangaza kama ni onyo, ushauri, ombi au swali. Asiyesikia huomba arudiwe, wala haoni haya. Mtihani hautakurudia, rubani wa bandari kwenye redio atakurudia, kwa sababu gati haliombi radhi likigongwa.

Hapa Mtwara jambo hili lina uzito wake. Bandari yetu ilijengwa kati ya mwaka 1948 na 1954 kwa ajili ya mpango wa karanga wa serikali ya kikoloni. Mpango ule ulivunjwa mwaka 1951, na reli ya Nachingwea baadaye ikang'olewa. Kina cha maji kikabaki, na subira ya watu ikabaki. Leo pana gati jipya la mita 300. Msimu wa korosho huleta meli, na shehena ya makaa ya mawe imepita hapa. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, inatoka upande wa Msimbati. Kila shughuli ya namna hii huja na mafunzo, usaili na vyeti, na penye vyeti pana mtihani wa lugha. Yapo manung'uniko kwamba nafasi huchukuliwa na watu wa kutoka mbali. Mengine yana haki, na yasemwe. Lakini tusimpe mtu sababu ya bure ya kutuacha nje.

Wapo watakaoniuliza: je, huku si kurudia kasumba ya kukitukuza Kiingereza? Nasema hapana. Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC tangu mwaka 2019, na tarehe 7 Julai ni siku yake duniani. Heshima yake haitegemei sisi kushindwa lugha nyingine. Kasumba ni kudhani kwamba anayejua Kiingereza ana akili kuliko asiyekijua. Kukitumia kama kasia la kuvukia mto si kasumba.

Na nikitaja mto, tazameni Ruvuma. Wapo wachuuzi wetu wanaovuka kwa mitumbwi upande wa Kilambo kwenda Msumbiji, ambao Kireno cha sokoni wamekijua bila ubao wala chaki. Hawakuanza na sarufi. Walianza na bei, kipimo, salamu na tarehe ya kurudi, wakayasikia hayo mara mia, na kila walipokosea walipoteza fedha. Mtu wa Mtwara anayesema Kimakonde nyumbani, Kiswahili sokoni na Kireno kidogo ng'ambo hana sikio zito. Ana sikio lisilopewa kazi ya Kiingereza.

Basi tulipe kazi. Napendekeza mambo matano.

La kwanza ni imla. Chukueni sauti ya dakika moja yenye maandishi yake. Idhaa za Kiingereza hutoa masomo ya namna hiyo bila malipo, na ikishapakuliwa mara moja katika simu hutumika wiki nzima. Sikiliza yote bila kuandika. Kisha sikiliza kifungu kwa kifungu ukiandika kila neno. Kisha linganisha na maandishi. Makosa yaingie katika daftari lake: mikia iliyokuponyoka, herufi, tarakimu. Baada ya wiki tatu daftari litakuambia ugonjwa wako kuliko mwalimu yeyote.

La pili ni kuifuata sauti: kusema pamoja na msemaji, ukimeza anapomeza na kukaza anapokaza. Sikio huitambua upesi sauti ambayo kinywa kimekwisha kuitoa.

La tatu ni kikundi cha watu watatu. Mmoja ataje majina kwa herufi, namba za simu, saa, bei na anwani, wawili waandike. Jambo hili halihitaji umeme wala fedha. Laweza kufanyika Shangani, Mikindani, au mkisubiri kivuko cha Msanga Mkuu.

La nne ni lafudhi. Mtihani huleta sauti za Uingereza, Australia, New Zealand na Amerika ya Kaskazini. Melini mtakutana na Mfilipino na Mhindi. Msimchague mmoja mkamwita ndiye mwenye Kiingereza.

La tano ni zoezi la mtihani kamili, sauti ikipigwa mara moja tu bila kurudishwa nyuma. Hili lije mwisho. Wengi wetu huanza nalo, tukapima joto kila siku bila kunywa dawa.

Na siku yenyewe ikifika, someni maswali kabla sauti haijaanza, mkijiuliza: hapa panatakiwa jina, tarakimu au mahali? Jihadharini na msemaji anayejisahihisha, atajaye bei hamsini kisha akasema hapana, kwa wanafunzi ni kumi na tano. Jibu likikuponyoka, liache liende. Mimi nililiomboleza moja nikapoteza matatu.

Walimu wetu nawaomba jambo dogo: dakika kumi za kila kipindi cha Kiingereza, ubao ufutwe, vitabu vifungwe, na wanafunzi wasikilize. Mtihani usipolidai hilo, maisha yatalidai.

Nilirudia mtihani baada ya miezi minane. Ada ya pili sikumwomba mama, niliilipa mwenyewe. Nilipata 7 katika kusikiliza. Niliporudi nyumbani kumweleza, aliuliza kama korosho za mara ya kwanza zilikuwa hasara. Sikuwa na jibu siku ile. Kama leo mmoja wenu atafaulu kwa ada moja badala ya mbili, nitakuwa nimepata la kumwambia.