Engaruka: Makumbusho Yasiyo na Paa

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Kamati yenu imenipa heshima ya kusema nanyi jioni hii, nami nimechagua kuwaeleza habari za mashamba ya kale. Huenda baadhi yenu wakauliza, je, sisi makarani tuna ushirika gani na mashamba? Nawaomba mnivumilie kidogo. Nataraji kabla sijaketi mtaona ya kuwa jambo hili latuhusu sana sisi watu wa kalamu.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Yeyote kati yetu aliyepata kufungua jalada akakuta karatasi zimeliwa na mchwa aujua uchungu wa maneno hayo. Basi katika nchi ya Tanzania liko daftari moja kubwa lisiloandikwa kwa wino bali kwa mawe, nalo lapotea ukurasa mmoja mmoja. Daftari hilo ni Engaruka.

Mahali penyewe pako katika Wilaya ya Monduli, Mkoa wa Arusha, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kati ya Ziwa Manyara na Ziwa Natron. Ni nchi kavu, na mvua yake ni haba hata mkulima hawezi kuitegemea. Lakini kutoka nyanda za juu za Ngorongoro hushuka vijito, na mkubwa wao ni Mto Engaruka. Watu wa kale waliyaona maji hayo wakafanya shauri. Tangu karne ya 15 hivi hata kufikia karne ya 18, walitengeneza mifereji yenye kingo za mawe, wakayaongoza maji mpaka katika mashamba yaliyoenea kama kilometa za mraba 20.

Tafadhali itazameni kazi hiyo kwa akili ya mtu wa hesabu. Ardhi iligawanywa vipande vipande kwa safu za mawe, na kila kipande kikasawazishwa ili maji yatambae polepole bila kuchukua udongo. Mahali pengine walijenga kuta kwanza, kisha wakaingiza maji yenye matope. Matope yakatua, mwaka baada ya mwaka, mpaka pakawa na shamba ambapo zamani palikuwa na changarawe tu. Mawe yaliyoondolewa shambani yalipangwa katika marundo, hayakutupwa ovyo. Kando ya hayo yako mazizi ya mawe ya kufungia mifugo, na katika uchimbaji zimeonekana mbegu za mtama zilizoungua. Juu, katika miteremko ya mlima, viko vijiji saba, nyumba zake zikiwa juu ya sakafu zilizokatwa mlimani na kuzuiwa kwa kuta. Hawakutumia saruji wala chokaa. Jiwe lilikaa juu ya jiwe kwa ustadi wa mkono peke yake.

Mjerumani Dr. Fischer alipita huko mwaka 1883. Mwaka 1935 Dr. Leakey alifika kupachunguza, akakadiria ya kuwa watu zaidi ya 30,000 walikaa pale. Wataalamu waliomfuata wamepunguza sana hesabu hiyo. Katika miaka ya 1960 Bwana Sassoon alichimba, na baada yake wengine wengi. Lakini zamani wako waandishi walioona matuta na mifereji ya Afrika ya Mashariki wakadhani ni kazi ya taifa jingine lililokwisha toweka, kwa kuwa hawakusadiki ya kuwa mkulima wa Kiafrika angaliweza kufanya hesabu ya maji. Waungwana, mawe ndiyo yaliyowajibu. Mawe hayo yakiondolewa, shahidi wetu ameondoka, na uvumi utarudi kukaa mahali pake.

Sasa nije kwenye shauri lenyewe. Makumbusho ya namna hii, yasiyo na paa, ni ya aina mbili. Ya kwanza ni kuzichukua nyumba za kale kutoka kwao na kuzikusanya mahali pamoja. Ndivyo alivyofanya Bwana Artur Hazelius mjini Stockholm mwaka 1891, alipofungua Skansen. Na ndivyo ilivyo Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, ambapo nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa katika kiwanja kimoja. Aina ya pili ni kukihifadhi kitu pale pale kilipozaliwa. Engaruka haiwezi kuwa ya aina ya kwanza. Mfereji ulioondolewa mtoni kwake si mfereji tena. Ni mstari wa mawe tu.

Lakini hapa pana ugumu, nami sitaki kuuficha. Engaruka si jangwa lisilo na watu. Wako watu wanaolima mahindi, maharagwe na migomba, na maji yao ni ya mto ule ule. Mkulima anayehitaji shamba hulima juu ya shamba la kale. Anayehitaji mawe huyaokota yaliyo karibu. Na ng'ombe hawajui kusoma kibao. Je, tumwambie mwenye watoto aondoke ili mgeni apate kutazama mahali alipoondoka mtu mwingine? Hasha. Makumbusho yanayowafukuza wakulima ili kuwasifu wakulima yangekuwa kichekesho.

Walakini njia iko, na majirani zetu wametutangulia. Kule Konso, katika Ethiopia, matuta ya mawe yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, na watu wangali wakiishi humo na kuzitengeneza kuta zao wenyewe. Katika Kenya, boma la mawe la Thimlich Ohinga liliingizwa mwaka 2018. Kwetu Kilwa iliandikwa tangu mwaka 1981, nayo yastahili. Lakini majumba ya wafanyi biashara yakiandikwa, kwa nini shamba la mkulima lisiandikwe?

Shauri langu ni hili. Kwanza, mashamba na vijiji vya kale vipimwe, kila sehemu ipewe namba, na nakala ya ramani ikae kijijini kama inavyokaa ofisini. Pili, wenyeji na wakubwa wakubaliane sehemu zisizoguswa, hasa vijiji vya mlimani ambavyo havina faida ya kilimo, na sehemu zinazobaki kwa jembe. Tatu, wanaowaongoza wageni wawe watu wa pale, na fedha ya kiingilio ionekane kijijini, katika shule na katika mfereji. Nne, kipande kimoja cha shamba la kale kirudishiwe maji na kupandwa mtama, ili watoto waone kazi ikitendeka.

Tuna sheria: palikuwa na amri ya kuhifadhi mambo ya kale tangu mwaka 1937, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ikashika mahali pake. Lakini sheria hutembea kwa miguu ya makarani. Barua isiyojibiwa na ramani isiyopatikana huweza kubomoa ukuta kuliko ng'ombe mia.

Neno la mwisho. Wengi wa wachunguzi wanaona ya kuwa kupungua kwa maji kulikuwa moja ya sababu zilizowaondoa watu wale. Vijito vingine vilivyonywesha mashamba yao leo ni vikavu. Mto mkubwa ungali ukitiririka, na wanaolima leo wanautegemea kama wale wa kwanza walivyoutegemea. Kwa hiyo anayeyahifadhi mawe yale hawatunzi wafu tu. Anaweka wazi, mbele ya walio hai, hesabu ya watu waliojua kutumia maji vizuri, na bado siku moja yakawapungukia. Hesabu kama hiyo haifai kupotea.